Alama za Watoto wa Kiriba

Mtoto wa kwanza kutunga wimbo mbele yangu nilimchapa.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, shule ya msingi moja upande wa Nyasura, Bunda. Kwa kuwa nilikuwa naimba kwaya kanisani, mwalimu mkuu alinikabidhi nyimbo zote za shule. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea wageni. Nilikuwa na wimbo mmoja wa ukaribisho, sauti ileile kila mara. Akija afisa tunaingiza cheo chake, akija mfadhili tunaingiza cheo chake. Watoto wanasimama juani, wanapiga makofi, wanainama kidogo kulia na kushoto, mgeni anatikisa kichwa, basi. Somo la muziki la mwaka mzima lilikuwa hilo.

Siku moja tunafanya mazoezi kwa ajili ya mgeni wa kukabidhi madawati, nikasikia mstari wa nyuma unacheka. Nikasimamisha. Nikauliza nani anacheka. Wote wakamtazama msichana wa darasa la nne, mwembamba, binti wa wakulima wa pamba, mtoto ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akisema kitu darasani. Nikamwambia aimbe peke yake alichokuwa akiimba. Akaimba, bila kutetemeka:

*Karibu mgeni wetu,*
*choo chetu kimejaa,*
*ukibanwa usiseme,*
*rudi kwako kwa haraka.*

Mizani ilikaa sawasawa. Na pale mwisho, ambapo wimbo wangu ulipanda juu kama nyimbo zote za kupokea wageni, yeye aliushusha, ukaishia chini kabisa, kama mtu anayefunga mlango taratibu. Hilo nililisikia. Nilikuwa mwanakwaya, nililisikia vizuri sana. Kisha nikachukua fimbo nikampiga viganjani mara nne.

Akasema, "Lakini madam, si kweli?"

Ilikuwa kweli. Vyoo vya wanafunzi vilikuwa vimejaa tangu muhula uliopita, na watoto walikuwa wakienda vichakani nyuma ya uzio. Harufu ilifika mpaka ofisini kwetu upepo ukigeuka. Tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba tulikunywa chai tukiinusa. Siku ya madawati yenyewe, mgeni alipomaliza chakula alimnong'oneza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akamsindikiza mwenyewe mpaka nyumba ya jirani. Watoto waliona. Mimi nilisimama mbele ya kwaya yangu nikiwa na tabasamu la kupokea wageni, na kwa mara ya kwanza nikajisikia kinyaa, nacho hakikutoka kwenye vyoo.

Sikumwomba yule mtoto msamaha. Siku zile mwalimu hakuwa anamwomba mtoto msamaha, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza. Nilichofanya ni kununua daftari. Nikaanza kuandika kila nilichosikia watoto wakiimba bila kuambiwa: wakiruka kamba, wakichota maji bombani, wakimtania mwenzao aliyeng'oka jino. Miaka minne nikajaza madaftari matatu. Nikagundua kwamba watoto niliokuwa nawaambia "fungueni vinywa" hawakuwa wamewahi kuvifunga. Walinyamaza nikiingia mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada yangu kwa masomo ya masafa, likizo kwa likizo, na nilitaka kuendelea. Ndipo nikaitwa kwenye semina ya walimu Musoma mjini. Mada ilikuwa ubunifu kwa mtoto. Asubuhi ya kwanza tulinakili maana ya ubunifu kutoka kwenye projekta, na mwezeshaji akawa anapita katikati ya viti kuhakikisha tumenakili neno kwa neno. Mwalimu mmoja mbele yangu aliiandika kwa maneno yake mwenyewe. Aliambiwa afute. Akafuta.

Kwenye semina hiyo nilikutana na mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa akitafuta msaidizi wa utafiti. Tulimwita Daktari. Ningependa kusema alikuwa na macho ya ujanja, lakini hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa kupendeza. Wakati wa mapumziko alichukua madaftari yangu akayasoma yote amesimama, akicheka mahali pa kucheka, na mstari mmoja akauimba polepole mpaka akaupata. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kufanya hivyo.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtafiti tayari. Unakosa karatasi tu."

Aliniahidi kwamba nikimsaidia kwenye utafiti wake wa shule tatu, ataniandikia barua ya kuniombea nafasi ya shahada ya uzamili. Nilifurahi hata nikampigia mama yangu simu Butiama. Mama akatangazia majirani kwamba mwanaye sasa ni daktari wa nyimbo.

Tulianzia Bunda. Daktari alikuwa amekuja na kifaa alichokiita kipimo: marimba ndogo ya vyuma, vyuma vinane vimepangwa juu ya ubao, pamoja na fimbo mbili zenye vichwa vya mpira. Mtoto mmoja mmoja anaingia chumbani, anakaa, anapewa dakika mbili atengeneze sauti yake mwenyewe. Sisi wawili tunakaa pembeni, kila mmoja na fomu yake, tunaweka alama kuanzia moja hadi tano. Sauti ni mpya kiasi gani? Mawazo ni mangapi? Imepangika? Fomu ilihitaji saini mbili, ili ionekane kwamba alama hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Watoto wa Bunda mjini walikuwa wameona vinanda makanisani. Waligonga, wakajaribu, wakapata mbili na tatu.

Butiama mambo yakawa mengine. Mtoto anaingia, anasalimia, anakaa, anaweka mikono nyuma. Dakika mbili zinapita. Anayefuata hivyohivyo. Nilielewa mara moja, maana mimi ni wa hukohuko. Mtoto wa watu hagusi kitu cha mgeni, na kitu kinachong'aa ndicho hasa hagusi. Nikamnong'oneza Daktari tuwaambie kwamba wameruhusiwa.

"Tukiwaambia tutakuwa tumewasaidia," akasema. "Andika moja."

Nikaandika moja. Wachache waliothubutu kugonga walipata mbili na tatu. Wakati wa mapumziko nikatoka nje, na nyuma ya jiko la shule nikawakuta haohao wa moja, wasichana sita, wameshikana mikono wanazunguka:

*Chuma kimelala chini,*
*kina meno hakiumi,*
*tumekatazwa kugusa,*
*mgeni anashangaa.*

Mmoja alikuwa anatangulia, watano wanaitikia, na kwenye neno "hakiumi" wanagonga meno yao wote pamoja, ka! Hawakuwa wameiona hiyo marimba kabla ya asubuhi ile. Nikauandika kwenye bahasha ya fomu, nikamkimbilia Daktari nikamsomea. Akacheka vizuri kabisa, akagonga meno na yeye. Kisha akasema, "Safi sana. Bahati mbaya hiyo iko nje ya kipimo."

Jioni ile, kabla jua halijazama, nikiwa nyumbani kwa mama tunachambua mboga, akaniuliza, "Hao watoto mnawapima nini?"

"Ubunifu, mama. Ubunifu wa muziki."

"Na nyie wapimaji mnaimbaga?"

Nikamwambia hapana, sisi tunaandika. Mama akaendelea kuchambua mboga zake.

Shule ya tatu ilikuwa Kiriba, kandoni mwa ziwa. Tulifikia gesti moja Makoko, Musoma, tukapanga tutoke asubuhi kwa gari la Daktari. Mvua ikanyesha siku mbili. Mwalimu mkuu wa Kiriba alipiga simu mara kadhaa: njia inapitika, alisema, malori ya samaki yanapita, njooni. Daktari akamjibu kwa upole kwamba tunasubiri ikauke kidogo, akamwomba amtumie majina ya watoto thelathini ili tuandae fomu. Yakatumwa.

Siku ya tatu asubuhi nikamkuta mezani amemaliza chai. Mbele yake kulikuwa na fomu thelathini zimepangwa vizuri. Akazisogeza kwangu pamoja na kalamu.

"Weka saini yako hapo chini, msimamizi wa pili."

Nilidhani ni fomu tupu. Nikaifungua ya juu. Jina la mtoto, umri, na alama: moja, moja, moja. Nikafungua ya pili. Moja, moja, mbili. Mahali pengine alikuwa ameandika hata maoni: *Mtoto alionekana mwoga.*

"Lakini Daktari, hatujaenda."

"Nimekadiria. Shule za kandoni mwa ziwa haziwezi kutofautiana sana na Butiama, umeona mwenyewe. Kesho kutwa natakiwa chuoni. Mwalimu, utafiti wote wa dunia una sehemu za kukadiria, utakuja kujua." Kisha, bila kubadilisha sauti, "Barua yako nimeshaianza."

Siwezi kusema alinilazimisha. Alikuwa anachokonoa meno akitazama nje, kule wanawake walikokuwa wameanza tena kuanika dagaa baada ya mvua. Nilisaini. Nilisaini zote thelathini, na kufikia ya ishirini nilikuwa nimeacha kusoma majina. Mhudumu akaniletea sato niliyemwagiza. Nikamtazama yule samaki na jicho lake jeupe, nikamrudisha jikoni. Daktari akauliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Barua ilikuja kama alivyoahidi. Ilikuwa nzuri. Ilinisifu kwa uaminifu.

Miezi ikapita, tukaitwa kwenye kuwasilisha matokeo, Musoma, ukumbi uleule wa semina. Walikuwepo maafisa elimu, walimu wakuu na watu wa vyuo. Mimi niliketi meza ya mbele, jina langu limeandikwa kwenye kadi. Daktari akaeleza vizuri, watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha ikaja jedwali: Bunda juu, Butiama katikati, Kiriba chini kabisa. Akasema matokeo yanaonyesha kwamba mtoto wa kandoni mwa ziwa, kutokana na mazingira yake ya uvuvi, ana uwezo mdogo wa kubuni, kwa hiyo anahitaji kupewa nyimbo zilizotungwa tayari ili akariri kwanza. Nikaona afisa mmoja anaandika hilo kwenye shajara yake na kulipigia mstari.

Mtu akanyoosha mkono katikati ya ukumbi. Mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge cha heshima.

"Samahani sana. Mimi ndiye mwalimu mkuu wa hiyo shule ya Kiriba. Nauliza tu, hawa watoto mliwapimia wapi? Maana sisi tulisubirigi gari siku tatu. Watoto walikuja na sare zimefuliwa, na mvua ile, wengine zikiwa bado mbichi mwilini. Gari halikuja."

Daktari hakushtuka hata kidogo, na utulivu huo ndio unaonitia kinyaa mpaka leo nikiukumbuka. Alitabasamu, akanigeukia.

"Upande wa Kiriba alishughulikia zaidi mwenzangu. Labda mwalimu atusaidie."

Wakanitazama wote. Nilisimama, na nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Nakiri hilo. Uongo ulikuja wa kwanza, umekamilika, na siku na saa: kwamba nilikwenda kwa bodaboda, kwamba mwalimu wa zamu alinipokea. Nikamtazama yule mama aliyesimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikuwa anasubiri jibu kwa adabu, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Hatukwenda," nikasema. "Fomu zilijazwa Makoko, mezani. Sikuzijaza mimi, lakini saini ni yangu kwenye zote. Hao watoto hakuna aliyewasikia."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea mtu asimame, mtu aulize swali la pili. Mwenyekiti wa kikao akatazama saa yake, akasema, "Nadhani tupate chai kwanza."

Tukaenda kupata chai. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walipanga foleni ya maandazi na sambusa, wakazungumzia barabara na uhamisho. Walimpongeza Daktari kwa kazi nzuri. Mwalimu mkuu mmoja niliyemheshimu sana akanisogelea akitafuna, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hayo mambo mngemalizia ndani. Umejichafua bure." Mafuta ya sambusa yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Nikatoka nje nikatapika kwenye bustani ya maua, na watu walionipita walinipa pole ya malaria.

Yule mama wa Kiriba hakunywa chai. Alikuwa ameshaondoka.

Ripoti ilitoka hata hivyo. Mstari wa Kiriba ulifutwa, shule zikawa mbili, jina langu likaondolewa, na lile pendekezo la nyimbo za kukariri likabaki palepale, ingawa watoto walioambiwa hawawezi hawakuwemo tena kwenye jedwali. Niliitwa kuandika maelezo. Nikaandika ukweli kurasa tatu. Nikapewa onyo, na nikahamishwa kutoka Bunda kwenda shule moja ya Musoma. Nyimbo za kukariri zilikuja muhula uliofuata, kijitabu cha rangi. Nilizifundisha kwa kuwa zilikuwa kwenye ratiba. Watoto walizikariri vizuri, na nilipokuwa nikiwasikiliza nilijisikia kama mtu anayewalisha watoto chakula kilichotafunwa na mtu mwingine.

Likizo ya kwanza baada ya uhamisho nilipanda bodaboda nikaenda Kiriba. Mwalimu mkuu alinipokea kwa kiti na maji ya kunywa, zaidi ya hapo hakuniongezea. Nikamwomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Lakini mimi sikuwa kwenye orodha. Walikuwa watoto." Akatoka mlangoni akawaita wachache waliokuwa wamekuja shuleni kumwagilia miche.

Walikuja kumi hivi, wengi wasichana wa darasa la tano. Akawaambia, "Huyu ndiye madam wa ule mtihani wa nyimbo."

Msichana mmoja akauliza kabla sijafungua mdomo, "Madam, tulipataga ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kununa, hata kwa kuchekwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Majina yao yalikuwa yameandikwa, na zaidi ya mwaka mzima walikuwa wakisubiri matokeo.

Nikawaambia hawakupata chochote kwa sababu hatukuja, na kwamba kutokuja lilikuwa kosa letu, na kwamba tuliandika alama za uongo. Walinitazama. Mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake, kumbe tumefeli. Nikarudia tena, kwa maneno mengine. Sijui kama walinielewa hata leo.

Nikaomba ruhusa niwe nakuja. Mwalimu mkuu akasema shule ni ya serikali, hawezi kunizuia. Nikaja likizo nne. Sikuja na marimba. Nilikaa kwenye mchanga wa kuanikia dagaa pamoja na akina mama, nikasaidia kugeuza, na watoto wakaimba au hawakuimba. Nilijifunza pale kitu ambacho hakikuwa kwenye fomu yoyote. Wimbo wao haukutungwa na mtu mmoja. Mmoja alikosea, kwa makusudi au kwa kuchoka, wa pili akamkosoa, wa tatu akalipenda kosa akalirudia, na kufikia jioni kosa limekuwa ndio wimbo, na aliyekosoa ndiye anauongoza kwa sauti kubwa kuliko wote. Ungempa alama nani hapo? Niliandika hayo kwenye tasnifu yangu ya uzamili, niliyoifanya chuo kingine kwa barua nyingine, ambayo aliniandikia mwalimu mkuu wa Kiriba. Barua hiyo ilisema tu kwamba huwa nafika.

Wasahihishaji walisema kazi ni nzuri lakini haina jedwali. Wakanipa miezi miwili niweke jedwali. Niliweka. Nilihesabu makosa, nikayagawa kwa siku, nikachora mistari, na ukurasa huo ndio pekee watu wanaoniomba. Sijausoma tena tangu niukabidhi.

Mwaka huu nilimwona Daktari stendi ya Bunda. Sasa ni profesa. Alishusha kioo cha gari akaniita kwa furaha ya kweli, "Mwalimu wangu!" Akashuka, akanipa mkono, na mimi nikampa wangu. Mkono wake ulikuwa laini na wa uvuguvugu. Aliulizia afya ya mama, na alikumbuka kwamba mama anakaa Butiama.

"Nimesoma kazi yako ya Kiriba," akasema. "Ule mpangilio wa makosa ni kitu kipya kabisa. Tushirikiane. Nina mradi mkubwa unakuja, shule nyingi."

"Sitaki," nikasema.

"Fikiria kwanza."

"Nimeshafikiria. Ulijaza fomu za watoto ambao hukuwahi kuwaona, ukanisukumia mimi mbele ya watu. Sitaki kufanya kazi na wewe."

Akanishika bega. Uso wake haukubadilika; ungedhani nimemwambia kwamba ratiba yangu imebana. "Mambo ya zamani hayo, mwalimu. Sote tulikuwa tunajifunza." Akanipa kadi yake, akapanda gari, akapiga honi mara mbili ya kuniaga.

Nilisimama pale na ile kadi. Kulikuwa na mama anauza maji, nikanunua chupa nikanawa mkono niliompa, hadharani, watu wananiangalia. Kisha nikapanda gari la Musoma, kwa kuwa kesho yake nilikuwa na vipindi sita.